Boma Lenye Ndimi Mbili

Vijitabu vya watalii vinaliita kasri. Ukitafuta picha za Menglian, kusini-magharibi mwa jimbo la Yunnan nchini Uchina, karibu kabisa na mpaka wa Myanmar, utakutana na paa tatu zilizopandana, nguzo za mbao, ua mpana, na maelezo yanayofanana popote uendapo: hapa ndipo walipokaa machifu wa kurithi wa Wadai, na jengo lao ni mfano mzuri wa upatanifu kati ya ujenzi wa Kidai na ujenzi wa Kihan. Sentensi hiyo imenakiliwa mara nyingi hadi imekuwa kama sala. Mimi nina ugomvi na maneno yake mawili: "kasri" na "upatanifu". Nadhani yote mawili yanatuzuia kuliona jengo lenyewe.

Niseme mapema kwamba nimelisoma jengo hili kwa picha, kwa michoro na kwa historia yake, kama mtu anavyosoma tamthilia ambayo hajaiona jukwaani. Kuna yanayopotea kwa njia hiyo, harufu ya mbao kwa mfano. Lakini kuna yanayoonekana vizuri zaidi, hasa mpangilio: nani anaingia wapi, nani anasimama, nani anakaa. Kazi ya uandishi wa habari imenikalisha sana kwenye mabenchi ya kusubiria ya ofisi za serikali, na kama kuna kitu mabenchi yale yanafundisha, ni kwamba ofisi huanza kuongea na wewe kabla bosi hajafungua mdomo.

Tuanze na wenyewe. Wadai ni ndugu wa lugha wa Wathai wa Thailand, wa Walao na wa Washan wa Myanmar. Ni wakulima wa mpunga wa mabondeni, na dini yao kubwa ni Ubudha wa Theravada. Kuanzia enzi ya Yuan, halafu Ming, halafu Qing, wafalme wa China walikuwa na njia yao ya kutawala pembezoni kama hizi. Hawakupeleka mtu wao. Walimchukua mtawala wa pale pale, wakampa cheo, mhuri na nguo za kazi, wakamwachia atawale kwa mila zake. Naye alitakiwa kupeleka zawadi na ushuru, kutoa askari akiitwa, na kila mrithi alipotaka kukalia kiti, Beijing imthibitishe kwanza. Mtawala wa namna hiyo Wachina walimwita tusi. Naam, umesoma sawasawa. Kwa masikio yetu neno hilo limeanza vibaya, kwa hiyo mimi nitasema chifu. Na si neno la kuzibia pengo tu. Katika historia yetu, chifu naye mara nyingi alikuwa mtu wa mila mwenye barua ya uteuzi mfukoni.

Menglian ilipewa cheo chake cha kwanza mwaka 1406, wakati wa Ming. Mwaka 1709, chini ya mfalme Kangxi wa Qing, ikapandishwa daraja na kuwa Xuanfu Si. Jina hilo lina maneno mawili ndani yake: kutangaza, na kutuliza. Yaani chifu alikuwa idara ya kutangaza mapenzi ya mfalme na kuwatuliza watu wake. Kama mwanahabari nimecheka kidogo, maana inasikika kama wizara ya habari na kituo cha polisi vimewekwa chini ya paa moja. Nasaba moja, ukoo wa Dao, ndiyo iliyoshika cheo hicho kizazi baada ya kizazi hadi mwaka 1949.

Sasa, jengo lililokuwa makazi ya chifu, ofisi yake, baraza lake na mahakama yake, vyote pamoja, kwa Kiswahili tunaliitaje? Si kasri. Kasri ni la sultani anayejitegemea, au anayetaka tuamini kwamba anajitegemea. Sisi tunalo neno linaloingia hapa kama ufunguo kwenye kufuli: boma. Bomani ndiko alikokaa mkuu wa wilaya wa mkoloni, ndiko kesi zilikosikilizwa, kodi ilikolipwa na mahabusu walikofungiwa. Na kila aliyekwenda bomani alijua kwamba mtu aliyeketi mbele yake yuko karibu, lakini nguvu yake imetoka mbali. Hilo ndilo jengo la Menglian. Ukiliita kasri, unamfanya chifu kuwa mfalme mdogo wa hadithi. Ukiliita boma, unauliza swali linalofaa: nani alikuwa nyuma yake?

Jengo lenyewe linajibu tangu langoni. Lango la boma la Menglian ni la Kihan waziwazi. Chini ya paa kuna vile vipande vya mbao vinavyopishana na kubebana, kimoja juu ya kingine, mithili ya mikono mingi iliyoinua sinia moja. Katika ujenzi wa China mikono hiyo haikuwa mapambo ya kila mtu. Sheria za Ming na Qing zilimkataza raia wa kawaida kuiweka kwenye nyumba yake, kwa hiyo ilikuwa kama nyota begani mwa ofisa. Mgeni kutoka makao makuu akifika, hata kama hajui neno moja la Kidai, anaona lango na kuelewa cheo cha mwenye nyumba.

Ukivuka lango unaingia uani, na mbele yako ndipo linaposimama baraza. Hapa lugha inabadilika. Jengo la baraza ni la dungu: limenyanyuliwa juu ya nguzo za mbao, uvungu wake uko wazi, na ukumbi wenyewe uko juu, chini ya paa tatu zilizoshuka moja baada ya nyingine. Hiyo ni nyumba ya Kidai iliyokuzwa. Kila mkulima wa bondeni aliijua, kwa sababu naye alilala juu ya nguzo: uvunguni mifugo, zana na kinu, juu watu na moto wa jikoni. Nyumba ya namna hiyo inakwepa unyevu, inakwepa maji ya mafuriko, na inapitisha upepo kwenye joto la bonde. Mkulima akisimama mbele ya baraza la chifu hakuona kitu kigeni. Aliona nyumba yake mwenyewe ikiwa imekua kupita kiasi. Huo ni ujanja mkubwa. Jengo geni hutisha tu. Jengo linalofanana na lako, lakini ambalo wewe huwezi kulijenga, linakuonyesha mahali pako.

Nyuma ya baraza kuna makazi ya chifu, na pembeni kuna mabanda mawili ya kushoto na kulia, hivyo majengo yote yanazunguka ua. Mpangilio huo ni wa Kihan tena. Nyumba ya Kidai kwa kawaida husimama peke yake ndani ya bustani na uzio wake; haina haja ya kujifungia kwa mstari mmoja ulionyooka kutoka lango hadi chumba cha mwisho.

Sisi watu wa Kiswahili tunapaswa kulielewa jambo hili haraka kuliko wengine, kwa sababu tumewahi kushtakiwa kwa kosa hilo hilo. Kwa miaka mingi tuliambiwa Kiswahili ni mchanganyiko, nusu hiki nusu kile, kwa sababu ya wingi wa maneno yenye asili ya Kiarabu. Wanaisimu wakajibu: hesabuni maneno mnavyotaka, lakini tazameni sarufi. Sarufi ni ya Kibantu, na sarufi ndiyo inayoamua. Basi tuliulize boma la Menglian swali hilo hilo. Msamiati wake ni wa aina mbili, hilo hata mtalii analiona. Sarufi yake ni ya nani?

Nimelirudia swali hili mara nyingi, na jibu langu ni kwamba jengo lina sarufi mbili, na kila moja inamlenga msomaji wake. Katika ujenzi wa Kihan cheo hupimwa zaidi kwa kina. Kadiri unavyoruhusiwa kuingia ndani zaidi, ua baada ya ua, ndivyo ulivyo mkubwa. Katika nyumba ya Kidai cheo hupimwa kwa kimo: nani yuko juu, nani yuko chini, paa la nani limezidi la jirani. Hata mji unaolizunguka boma, Nayun, jina ambalo maana yake ni mji wa ndani, umepangwa hivyo. Uko kwenye mteremko, na umegawanywa katika mji wa juu, wa kati na wa chini, pamoja na vijiji viwili pembeni. Chifu alikaa mji wa juu. Ndani ya boma, kipimo cha kina na kipimo cha kimo vimewekwa pamoja. Ofisa wa Kihan anayejua kuhesabu nyua anahesabu nyua. Mzee wa Kidai anayejua kuhesabu ngazi anapanda ngazi. Na wote wawili wanafikia kiti kile kile.

Ndiyo maana neno "upatanifu" linanikera. Linatufanya tudhani kwamba mafundi wawili, mmoja wa Kidai na mmoja wa Kihan, walikutana, wakapendana, wakachanganya mitindo kama wapishi wanaobadilishana viungo. Mitindo haikukutana hivyo. Ilikutana kwa sababu chifu alikuwa amebanwa kati ya wakubwa wawili, akalazimika kueleweka kwa wote. Wadai wa Xishuangbanna, majirani wa Menglian upande wa mashariki, walikuwa na usemi kwamba China ni baba na Burma ni mama. Unasikika kama usemi wa upendo. Lakini mtoto mwenye wazazi wawili wanaogombana anajua kwamba usemi huo ni wa tahadhari. Waswahili tulisema mtumikie kafiri upate mradi wako, tukasema pia mshika mawili moja humponyoka. Machifu wa mpaka huu waliishi katikati ya methali hizo mbili.

Na kuponyokwa kulikuwa kwa damu, si kwa mithali tu. Mwaka 1762 kiongozi mmoja aliyeshindwa vita upande wa Burma, ambaye kumbukumbu za Kichina zinamwita Gong Liyan, alikimbilia upande wa China pamoja na watu wake. Familia yake na wafuasi wengi wakawa Menglian, chini ya chifu Dao Paichun. Chifu akawabana wakimbizi hao, akidai mali na watu. Mke wa Gong Liyan, anayetajwa kwa jina la Nang Zhan, hakulia wala hakubembeleza. Yeye na watu wake waliinuka usiku, wakamuua chifu na jamaa zake, wakauchoma mji, wakaondoka. Mumewe naye alikamatwa na maofisa wa Qing na kuuawa. Miaka michache baadaye, kuanzia 1765 hadi 1769, China na Burma zilipigana vita vikali, na vurugu za mpakani za namna hii zilikuwa sehemu ya kuni zilizowasha moto huo.

Nimekitaja kisa hiki kwa sababu ya jengo. Tunachokiona leo hakikurithiwa bila kuguswa kutoka Ming. Ni jengo lililojengwa upya, kazi iliyoanza mwaka 1878 na kumalizika mwaka 1919, miaka 41. Mji wa Menglian ulikuwa umeshajua maana ya kuungua. Waliojenga tena walikuwa na nafasi ya kuchagua, na wakachagua kusema lugha mbili tena.

Hapo kwenye 1919 ndipo ninapotaka tusimame kidogo. Mfalme wa mwisho wa China alijiuzulu mwaka 1912. Jengo lilipokamilika, yule aliyekuwa anaandikiwa barua ya lango alikuwa hayupo kwenye kiti chake kwa miaka saba. Beijing hapakuwa na mfalme wa kutangazia wala wa kutulizia watu. Kwa nini basi boma bado linavaa nyota za begani za ofisa wa Qing? Kwa maoni yangu, kwa sababu kufikia wakati huo lango halikuwa linamtazama mfalme tena, kama liliwahi kumtazama yeye peke yake. Lilikuwa linawatazama wenyeji. Liliwaambia: huyu anatambuliwa na watu wa mbali msiowajua. Ukiniuliza, hicho ndicho kipande bora zaidi cha jengo hili kwa msomaji, na ndicho kipande chake kibaya zaidi kwa aliyelazimika kulipita akiwa na ushuru kichwani.

Kuna swali jingine ambalo vijitabu havigusi. Qing walipofuta machifu wengi wa kusini-magharibi katika miaka ya 1720 na 1730 na kuweka maofisa wao wa kuhamishwahamishwa, kwa nini mabonde haya ya mpakani waliyaachia machifu? Sababu moja ina mabawa. Malaria. Wachina wa nyanda za juu waliamini kwamba mabonde yale yana hewa ya sumu, na kweli maofisa na askari walioshuka huko walikufa kwa homa. Mbu alimlinda chifu kuliko tembo wake wa vita. Msomaji wa Pwani au wa kando ya Ziwa Victoria hahitaji kuelezwa zaidi.

Ili kupima uzuri wa Menglian, tuliweke kando ya maboma mengine mawili ya Wadai. La kwanza ni la Nandian, katika wilaya ya Lianghe, magharibi zaidi. Lilianza kujengwa mwaka 1851 na ukoo wa Gong. Pale dungu limetoweka. Kuna kumbi kuu nne zilizopangwa moja nyuma ya nyingine kwa daraja, nyua zimefungana, kila kitu kiko ardhini. Watu wanaliita Kasri la Kifalme dogo la Wadai, wakilifananisha na lile la Beijing, na safari hii jina linafaa kwa sababu isiyopendeza: chifu aliamua kuzungumza lugha moja tu. Ni jengo zuri, safi, lenye nidhamu. Lakini mkulima wa Kidai akiingia pale hakuona nyumba yake popote. Alihesabu nyua tu.

La pili ni la Jinghong, makao ya mtawala mkuu wa Xishuangbanna, ambaye cheo chake kwa Kidai, chao phaendin, maana yake ni bwana wa ardhi. Jumba lake lilikuwa kwenye mwinuko kando ya mto Mekong, ambao Wachina wanauita Lancang. Hilo halikusalimika katika karne ya 20. Bwana wa ardhi wa mwisho, Dao Shixun, aliyezaliwa mwaka 1928 na kufariki mwaka 2017, aliishia kuwa mwanaisimu, akaitumia elimu yake kuichunguza lugha ya Kidai. Mimi nampenda sana mtu huyu ingawa wanahistoria hawamtendei haki. Alinyang'anywa nchi, akabaki na maneno, akayashughulikia kwa makini.

Nisije nikaonekana ninawalilia machifu, hapana. Xishuangbanna, jina lenyewe linatokana na mashamba: mafungu kumi na mawili ya mashamba ya mpunga, na mafungu hayo ndiyo yaliyotumika kugawia kodi. Huko vigae vilikuwa vya wakubwa. Raia aliezeka nyasi. Vijiji vilipangiwa kazi za kumhudumia bwana, kimoja kutunza tembo, kingine farasi, kingine jiko. Ardhi ilikuwa yake, na aliyelima alilipa kwa mgongo wake. Kwa hiyo ninaposifia paa tatu za Menglian, ninakumbuka kwamba uzuri wa paa hilo ulitegemea paa la jirani kuwa la nyasi. Na milimani juu ya mabonde waliishi watu wengine, Wawa na Walahu. Leo jina rasmi la wilaya ya Menglian linawataja wote watatu, Wadai, Walahu na Wawa. Boma halina hata nguzo moja ninayoweza kuionyesha na kusema: hii inazungumza lugha ya watu wa mlimani.

Hapa ndipo ninapoona udhaifu wa jengo kama kazi ya sanaa, na ndipo sifa ya "upatanifu" inapoharibika kabisa. Boma lina ndimi mbili, na zote mbili ni za wenye mabonde na mihuri. Wa tatu alisikiliza tu.

Hata hivyo hukumu yangu ni ya upande wa jengo. Tangu mwaka 2006 limo kwenye orodha ya urithi unaolindwa kitaifa, na linatumika kama makumbusho. Limestahili. Kati ya maboma haya matatu, moja liliiga hadi likasahau, jingine halipo, na hili linaonyesha waziwazi jinsi mtu mdogo aliyewekwa kati ya wakubwa wawili alivyojaribu kusimama bila kuanguka, na gharama ya kusimama huko ililipwa na nani. Mshono kati ya lango la Kihan na baraza la dungu unaonekana, haujafichwa. Ningekuwa na uwezo ningeliondoa lile neno "upatanifu" kwenye maelezo yote, niandike "mapatano". Herufi chache tu zinatofautiana, lakini mapatano yana pande mbili, yana masharti, na daima kuna mtu aliyeachwa nje ya chumba yalipokuwa yanaandikwa.